Maziwa ya Zizi la Chini

"Usiyachanganye," Inspekta Leticia Mhina alisema. "Kila kondoo na chupa yake."

Kombo alikuwa amechuchumaa nyuma ya kondoo wa kwanza, ndoo ameibana katikati ya magoti, vidole vikivuta na kuachia. Alisimamisha mkono. Tone moja la maziwa lilidondoka ndooni, kisha kimya.

"Afande, miye siku zote namimina ndoo moja. Zizi hili ndoo moja, zizi la Uweso kule juu ndoo moja. Ndivyo Daktari wa utafiti anavyotaka."

"Na Daktari nimeshazungumza naye. Leo tunafanya hivi."

Hakubisha. Mtu aliyetoka kumzika mama yake hana nguvu ya kubishana juu ya ndoo. Aliisogeza pembeni, akapokea chupa ya plastiki, akaanza upya. Leticia alikata kipande cha plasta kwa meno, akakibandika kwenye chupa na kushika kalamu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Tunu."

"Na yule?"

"Shuwari. Yule Bahati. Wale wawili wa ukutani ni Kipusa na Mgeni." Kombo aliinamisha kichwa kwenye ubavu wa kondoo. "Majina kawapa mama. Daktari alikuwa na namba za masikioni, mama akasema kiumbe kinachokupa maziwa hukiiti namba."

Leticia aliandika: Tunu. Hakuandika zaidi.

Zizi hilo la chini lilikuwa pembezoni mwa kijiji cha Moa, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa jiko la Bi Mwatumu, mama yake Kombo. Bi Mwatumu alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Ijumaa iliyopita alikata roho hospitalini Tanga mjini, sukari imempanda hata mashine ikashindwa kuisoma. Damu iliyochukuliwa akiwa bado anapumua ilipelekwa maabara, na majibu yaliyorudi ndiyo yaliyoifikisha kesi mezani kwa Leticia: katika damu ile hamkuwa na hata chembe ya dawa. Na dawa alikuwa akizichukua. Muuguzi wa zahanati aliapa kwamba Bi Mwatumu hakukosa mwezi hata mmoja, na kila mwezi alirudi na karatasi tupu za vidonge kuonyesha kwamba amevimaliza.

Aliyekuwa akimpa vidonge hivyo kila asubuhi ni mkwewe, Hafsa, mke wa Kombo. Siku ya tatu ya matanga, binti wa marehemu, Sabra, alisimama mbele ya watu akasema wifi yake alikuwa akiviiba vidonge na kuvipeleka kuuzwa ng'ambo ya mpaka, na kwamba yeye kwa macho yake alimwona akimkabidhi Miraji wa bodaboda pakiti. Hafsa hakujitetea. Sasa alikuwa mahabusu mjini, na kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu.

Maziwa yaliingiaje? Yaliingia jana, kwa njia ya pembeni. Dokta Edgar, mtafiti wa chuo aliyeleta kondoo hao wa maziwa kutoka milimani, alikuwa akitoa maelezo yake ya kawaida, lini alimwona marehemu mara ya mwisho, na katikati ya maelezo akalalamika. Utafiti wake umeharibika, alisema. Maziwa ya zizi la chini yamebadilika bila sababu, na sasa, tangu msiba, yanaanza kurudi kama yalivyokuwa. Edgar alisema hayo kama mtu anayelalamikia mvua. Leticia alimwomba ayarudie.

"Huyu ndiye wa mwisho," Kombo alisema, akimshika Mgeni shingo. Kondoo alikuwa hatulii. Alikuwa akivuta kichwa kuelekea ukuta wa jiko.

"Siku zote yuko hivyo?"

"Siku hizi. Yeye na mwenziwe Kipusa. Ukiwatoa pale, wanarudi." Alipangusa mikono kwenye msuli. "Afande, nikuulize. Kesho watamfunga?"

"Kesho ni kusomewa tu."

"Nimeshaandaa talaka yake. Nangoja nimtazame usoni kwanza."

Leticia alizikusanya chupa tano akazipanga kikapuni. "Ngoja basi," alisema.

*

Mashine ya Edgar ilikuwa ndogo kama redio ya mkononi. Unatumbukiza mrija kwenye maziwa, inaguna kidogo, kisha namba zinajitokeza: mafuta, protini, sukari ya maziwa. Waliiweka barazani kwenye zizi la juu, na Uweso, mkamaji wa zizi hilo, akajisogeza karibu akijifanya anafagia.

"Yale ya Kombo hayo?" Uweso aliuliza. "Msiyamwage, yatafaa kuoshea vyombo."

"Uweso," Edgar alisema.

"Natania, Daktari. Mwenyewe keshazoea. Nilimwambia, zizi lako linatoa maji ya dafu, uza na mirija."

Leticia alimtazama Uweso kwa muda, bila ukali. "Na yeye akakujibu nini?"

"Mwanzoni alikuwa ananuna. Halafu maziwa yake yakawa mazito, basi weee! Akaja hapa na kikombe, ananipitishia puani. Kijiji kizima kilijua Kombo kashinda." Uweso alikumbuka msiba, akashusha sauti. "Mungu amrehemu Bi Mwatumu. Siku hiyo kigelegele chake nilikisikia mpaka huku."

Akaondoka na ufagio wake.

Mashine iliguna. Tunu, kama kawaida ya zizi la chini. Shuwari vilevile. Bahati vilevile. Edgar alitumbukiza mrija kwenye chupa ya Kipusa, akasoma, akausafisha, akarudia. Akachukua ya Mgeni. Aliketi kwenye kigoda taratibu.

"Ni hawa wawili tu," alisema. "Mafuta yako juu, sukari ya maziwa iko chini. Si sana kama wiki mbili zilizopita, lakini ipo. Nilikuwa napima ndoo nzima, nikadhani wamebadilika wote kidogo. Kumbe ni wawili wamebadilika sana."

"Wanafanana na kondoo gani?"

"Na hawa wa juu. Wanaopewa dawa."

"Nieleze hiyo dawa, kama unavyomweleza mtu asiyejua."

Edgar alivua miwani. Alikuwa kijana wa Lushoto, mpole, aliyependa kazi yake kuliko alivyojua kuzungumza na watu. "Ni dawa ya kisukari. Ya watu. Sukari ikiwa kwenye damu, nyama ya mwili haiichukui mpaka insulini ije kuifungulia mlango. Dawa hii inaufanya mwili uitike upesi insulini inapobisha hodi. Sasa kiwele cha kondoo chenyewe hakingoji hodi, kinajichotea. Nikiwapa dawa, nyama inaanza kugombania sukari na kiwele. Kiwele kinapata pungufu. Nataka kujua maziwa yanakuwaje."

"Yanakuwa mazito."

"Yanakuwa machache. Sukari ikipungua, na maji yanapungua, na mafuta yanaonekana mengi. Ukiyatazama kwa macho utasema ni bora. Kwa kweli ni kondoo anayetoa kidogo."

Leticia aliandika mstari mmoja. "Dawa unaziweka wapi?"

"Kwenye sanduku, na kufuli. Ufunguo ninao shingoni. Jana usiku, baada ya maswali yako, nimehesabu. Hakuna iliyopungua."

"Basi zilizoingia zizi la chini hazikutoka kwako."

"Haziwezi kutoka kwangu."

"Bi Mwatumu alijua unawapa nini?"

"Aliniuliza siku moja. Nikamwambia, Bibi, dawa hii ni ndugu moja na ile yako. Akacheka sana. Akasema, kumbe mimi na kondoo tunaumwa mamoja." Edgar alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Akauliza, mbona wa juu wanapewa na wa chini hawapewi? Nikamwambia ndivyo kazi inavyotaka."

"Ukaishia hapo?"

"Nikaishia hapo. Nilikuwa na haraka."

"Dokta, zizi la chini linaweza kushindwa?"

"Kushindwa nini?"

"Nakuuliza."

"Haliwezi kushindwa. Lipo kwa ajili ya kulinganishia tu. Lisingekuwepo, hata la juu lisingekuwa na maana. Hapa hakuna mashindano."

"Uliwahi kuwaambia hivyo Kombo na Uweso?"

Edgar alirudisha miwani machoni. Chini, upande wa pili wa uzio, Kombo alikuwa akiburuta kihori cha pumba peke yake. Edgar alikuwa mgeni huku Pwani, na hakuna aliyemtahadharisha: watu wa huku ukiwagawa pande mbili umeshawapa ngoma. Ikiwa mitaa miwili, itashindana kwa mavazi; ikiwa timu mbili, nyumba moja haitakaa meza moja; ikiwa mazizi mawili, ndoo zitapitishwa puani. Yeye aligawa kondoo, wao wakapokea ugomvi.

"Nilidhani wanajua," alisema hatimaye.

*

Miraji alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa duka, pikipiki yake imelala upande mmoja. Alipomwona Inspekta anakuja kwa miguu alisimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kaa. Nataka uniambie tena habari ya pakiti."

"Nilishasema kituoni."

"Ulisema ulipewa pakiti na Hafsa ukaipeleka mjini. Sikukuuliza ilikuwa na nini ndani. Kosa langu. Ilikuwa na nini?"

Miraji alitazama barabara, akatazama duka, akatazama mikono ya Inspekta. "Haikuwa na kitu."

"Tupu?"

"Tupu kabisa, wallahi. Karatasi za vidonge zilizokwisha. Aliniambia, nenda duka la dawa kule Mabawa, waonyeshe hizi, wakupe kama hizi. Nikaenda, nikarudi nazo zimejaa. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kabla ya mwezi kuandama. Zilikuwa zinakwenda tupu, zinarudi zimejaa. Sabra kaona zinakwenda, hakuona zinarudi."

"Na wewe ukanyamaza, mwanamke wa watu anawekwa ndani."

"Aliniapisha, afande. Alisema mama mkwe anataka vingi kuliko vile vya zahanati, na kamkataza, Kombo asijue. Halafu fikiria na mimi: nisimame mbele ya Kombo niseme mkeo hunituma kwa siri mjini? Kombo ana panga, na mimi shingo ninayo moja." Alimeza mate. "Nilidhani mtamwachia wenyewe. Polisi si mnajua kila kitu?"

"Hatujui," Leticia alisema. "Ndiyo maana tunauliza. Panda pikipiki yako uende kwa Sajenti wangu pale ofisi ya kijiji. Useme haya haya, polepole, aandike."

"Saa hizi?"

"Hafsa anakungoja tangu juzi."

Miraji aliwasha pikipiki bila neno jingine.

Leticia alibaki amesimama kwenye kivuli alichokiacha kijana. Basi vidonge havikuuzwa. Vilinunuliwa zaidi. Ndani ya nyumba ile vilikuwa vikiisha upesi kuliko inavyopasa, na bado damu ya mgonjwa haikuwa navyo. Alifungua maelezo ya Hafsa, yale machache aliyokubali kuyatoa. Aliyajua kwa moyo, lakini aliyasoma tena, maana kwa kawaida yake hakuamini moyo wake peke yake.

*Nilikuwa nampa mkononi na kikombe cha maji. Kumeza alimeza mwenyewe.*

*Ulimwona akimeza?*

*Sikumtazama. Yule ni mama mkwe wangu. Mkwe humtazami kinywani. Ukishampa unageuka.*

Askari aliyeandika alikuwa amechora mstari chini ya "sikumtazama", akidhani amenasa uongo. Leticia mwenyewe aliolewa Muheza, akakaa na mama mkwe miaka mingi. Aliufuta ule mstari kwa kalamu yake.

*

Sabra alikuwa jikoni akikuna nazi. Hakuacha kukuna Inspekta alipobisha hodi, lakini alijibu karibu, na kwa mguu akamsogezea kigoda.

"Umekuja kuniambia kakiri?"

"Sijaja na hilo. Pole tena na msiba, Bi Sabra."

"Nshapoa. Sitapoa sana, lakini nshapoa." Mbuzi ya nazi iliendelea kulia. "Miye nakaa kwa mume wangu Usagara, nikija huku naja kumwona mama. Kila nikija namkuta kakonda. Namuuliza, mama dawa unakunywa? Ananiambia nakunywa, mkwe wangu ananipa. Mkwe wangu ananipa! Na yule kimya, kainamisha kichwa, kama maji mtungini."

"Uliona pakiti ikitoka. Uliiona ikirudi?"

Nazi ilisimama.

"Ikirudi wapi?"

Leticia alimweleza alichosema Miraji, bila kuongeza wala kupunguza. Sabra alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudi kukuna, kwa nguvu, ingawa kifuu kilikuwa kimeshabaki kitupu na meno ya mbuzi yalikuwa yanakwaruza gamba.

"Basi vilikwenda wapi?" aliuliza.

"Ndicho nilichokuja kutafuta. Naomba nitazame."

Jiko la Bi Mwatumu lilikuwa safi. Vyungu vimepangwa kwa ukubwa, mwiko na upawa vimening'inia, mafiga matatu yana majivu ya jana. Karibu na ardhi, kwenye ukuta wa upande wa zizi, palikuwa na tundu la kutolea majivu, pana kama sahani. Kingo za tundu hilo zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa, kama kingo za mlango unaopitwa sana. Leticia aliinama akazipitisha kidole. Manyoya mawili meupe yalimganda.

Juu kwenye susu, wavu wa kamba ulioning'inia darini, palikuwa na kinu kidogo cha shaba, cha kiganja, na mchi wake. Kila nyumba ya kizee ya huku huwa nacho: bibi akishapoteza meno, popoo la tambuu haliwezi kutafunwa, hutwangwa kwanza.

"Mama alikuwa anakula tambuu?"

"Alikuwa. Kaacha tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Ilikuwa inamtia kidonda ulimini."

Leticia alikishusha kinu kwa leso. Kinu cha tambuu huwa chekundu ndani, na wekundu wake hauoshiki. Wekundu wa hiki ulikuwa umefunikwa. Chini kabisa, kwenye mkunjo usiofikiwa na kidole, palikuwa na ungaunga mweupe ulioshikamana.

"Chokaa hiyo," Sabra alisema upesi. "Ya tambuu."

"Yawezekana. Maabara watatuambia. Lakini chokaa ya mwaka juzi ingekaa juu ya wekundu mpaka leo?"

Sabra alikuwa anakitazama kinu kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Alikuwa anatwanga," alisema. "Asubuhi. Nilikuwa nalala chumba kile, nasikia ti-ti-ti, Hafsa akishampa dawa na kwenda kisimani. Nilidhani iliki ya chai." Alifuta machicha mikononi. "Na chai yenyewe haikuwa na iliki."

Leticia alikunguta unga ule kwa ncha ya kisu ndani ya bahasha, akaifunga, akamwomba Sabra aweke sahihi yake juu ya gundi. Kisha akakiweka kinu sakafuni, karibu na tundu la majivu, akaukamata mchi.

"Afande, unafanya nini?"

"Nikae wapi? Yeye alikuwa akikaa wapi?"

"Hapo hapo. Kwenye kibao hicho."

Leticia aliketi kwenye kibao cha marehemu. Akatwanga kinu kitupu. Ti, ti, ti.

Nje, miguu ilisikika kwenye changarawe. Kwato ndogo, za haraka. Kivuli kiliziba tundu, na mdomo laini mweusi ukaingia ndani, ukipanua pua. Wa pili ulijibana pembeni yake. Kipusa na Mgeni walinusa hewa, wakanusa kiganja cha Inspekta, wakalamba sakafu mahali palipokuwa pamelambwa mara nyingi hata saruji ikawa laini. Leticia alinyanyuka akachungulia juu ya ukuta. Tunu, Shuwari na Bahati walikuwa mbali kwenye kihori. Hata masikio hawakuyainua.

Alipogeuka, Sabra alikuwa ameketi chini, kanga imemdondoka kichwani, machicha ya nazi yametapakaa mapajani.

"Vidonge vyake," Sabra alisema. "Alikuwa anawapa hawa? Mama? Alikuwa na akili zake timamu mama yangu!"

"Alikuwa nazo."

"Mtu mwenye akili zake anampa mnyama dawa yake mwenyewe?"

"Aliambiwa ni dawa moja. Aliona wa juu wanapewa, wa mwanawe wananyimwa." Leticia alirudi kuketi. "Na aliwasikia wakimcheka mwanawe."

Sabra alijishika kinywa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mwanamke yule aliyesimama mbele ya waombolezaji:

"Nimemfungisha wifi yangu."

*

Kombo aliwafuata kondoo wake. Alikuja na ndoo ya jioni mkononi, akasimama mlangoni, akawaona dada yake sakafuni, Inspekta kwenye kibao cha mama, na midomo miwili tunduni.

"Mnawapa nini?"

"Hatuwapi kitu," Leticia alisema.

"Mbona wamekuja?"

Leticia alikuwa bado ameshika mchi. Kombo aliutazama. Akatazama kinu, akatazama bahasha na sahihi ya Sabra juu yake. Alikuwa mkamaji mzuri. Alijua kondoo haji mahali asipozoea kupewa. Leticia aliona mambo yakimpanda usoni moja baada ya jingine, na hakuharakisha hata moja.

"Kombo," alisema. "Ulipata kumwambia mama kwamba ungeondoka?"

"Kuondoka?"

"Kabla maziwa hayajawa mazito."

Ndoo ilishuka chini. "Nilisema. Uweso alikuwa ananicheka kila siku, na hawa wawili ndio waliokuwa wananiaibisha. Nikasema zizi hili likishindwa narudi Mombasa. Nilisema tu, afande. Nilikuwa nimekasirika. Miye nilikaa Mombasa miaka mingi, mama kapofuka jicho moja kwa kunililia. Nilirudi kwa sababu ya kazi hii." Aliinua mkono akafuta uso, ukabaki na unyevu wa maziwa. "Hakunijibu. Alikuwa kakaa hapo hapo ulipokaa. Aliniuliza tu, ni wepi wanaokuaibisha? Nikamwonyesha."

Sabra alianza kulia, bila sauti.

"Yalipokuwa mazito nilimletea kikombe," Kombo alisema. "Nikamwambia, mama, tazama, zizi letu! Alikuwa hawezi hata kusimama vizuri siku ile, miguu imewaka moto. Akasimama. Akapiga kigelegele." Aliwatazama kondoo. "Kila asubuhi nilimletea. Nilikuwa namwonyesha kila asubuhi."

Leticia aliuweka mchi ndani ya mfuko wa ushahidi, na kinu baada yake. Kulikuwa na jambo moja bado, lile alilolisema Edgar barazani: kwamba maziwa yale yalikuwa mazito kwa kuwa yalikuwa yamepungua, na kwamba zizi la chini halikuwa na mtihani wa kufeli. Litasomwa mahakamani pamoja na mengine. Alilifunga ndani ya daftari na wala hakulitoa.

Alitoka uani akapiga simu kituoni. Alieleza kwa ufupi. Aliyepokea alimwambia kwamba hakimu keshaondoka, jalada liko kwa mwendesha mashtaka, na mahabusu hatolewi kwa maneno ya simu. Alete bahasha, alete maelezo ya kijana wa bodaboda na ya daktari wa kondoo, alete yote kesho kabla ya kesi kuitwa. Leticia aliuliza kama Hafsa amekula. Akaambiwa hajagusa chakula. Akaomba apelekewe chai, na aambiwe kwamba Miraji amesema.

Aliporudi, Kombo alikuwa amesimama palepale.

"Nakwenda mjini sasa hivi," alisema. "Nikalale mlangoni kwa polisi."

"Hawatakufungulia. Kesho alfajiri tutaongozana, wewe na Sabra. Bado sijaandika maelezo ya Dokta Edgar, na unga huu haujapimwa. Ukienda leo utakwenda mikono mitupu."

"Na nikifika nitamwambia nini? Afande, nimeshaandika talaka. Iko mfukoni."

Leticia alielekeza kidevu zizini.

Viwele vya kondoo vilikuwa vimejaa, na maziwa ya jioni hayangoji msiba wa mtu. Kombo aliokota ndoo. Alitembea mpaka zizini, akachuchumaa nyuma ya Tunu, akaweka mikono mahali pake, na mikono haikuvuta. Alikaa hivyo. Baadaye Sabra alijifunga kanga kiunoni, akaingia zizini bila kuvua viatu vyake vya mjini, akamsogeza ndugu yake taratibu na bega, akaanza kukama yeye, vibaya, nusu ikimwagika.

Leticia aliketi barazani na karatasi safi mapajani, akaandika juu yake jina la Edgar na tarehe ya leo. Upande wa pili wa ukuta, Kipusa na Mgeni walikuwa bado hawajatoka tunduni.